Gitaa la Bei Nafuu

Leo, sisi wa Nguvumali, Tanga, twapenda kumpa shauri mwenye fedha kidogo atakaye kununua gitaa lake la kwanza.

Kwanza, asidanganywe na nakshi. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi mashuhuri wa Hispania, aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi iliyokandwa, ila uso wake ni wa ubao mwembamba mwema. Alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka usoni. Basi mnunuzi na atazame uso usiwe na ufa, na shingo iwe imenyoka.

Pili, nyuzi. Zamani zilifanywa kwa matumbo ya wanyama. Tangu miaka ya 1940 hufanywa kwa nailoni. Nailoni haishiki kutu kwa hewa yetu ya bahari, wala haiumizi sana vidole vya mwanafunzi. Zile nyuzi tatu nene, zilizovikwa waya, zipanguswe jasho kila baada ya kupigwa.

Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya kadiri ya kilo 40. Za chuma, kilo 70 na zaidi. Atiaye za chuma katika gitaa la nailoni ili lilie kwa nguvu, kibao kinachozishika huweza kung'oka, na akiba ya miezi mingi ikapotea.

Tena lisifungiwe kama johari. Lipigwe kila jioni, watu wa nyumbani wapokezane. Ndiyo faida ya kuwa nalo.