Utasa na kipimo kisichohitaji sindano

Msikilizaji, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hukabiliwa na utasa wakati fulani maishani. Kliniki hupima homoni, mirija na mbegu za kiume. Moyo wa mgonjwa mara nyingi haupimwi.

Kumbe kipimo chake kipo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Tara Cousineau walichapisha dodoso la mambo 16. Mgonjwa hujipa alama kuanzia 1 hadi 9: ana hakika kiasi gani kwamba ataweza kutulia akisubiri majibu, kustahimili hasira na huzuni zinazoletwa na dawa za homoni, kukaa na rafiki mjamzito, au kuacha kujilaumu? Msingi wake ni nadharia ya Albert Bandura ya mwaka 1977, kwamba anayeamini anaweza jambo hulishikilia hata likiwa gumu.

Alama hizo hazitabiri mimba. Zinamwonyesha muuguzi nani anahitaji ushauri nasaha kabla hajakata tamaa na kuacha matibabu.

Kwa Afrika Mashariki ningeongeza maswali mawili: utamjibuje wifi anayeuliza habari za mtoto kila sikukuu, na utafanyaje ukitishiwa kuletewa mke mwenza? Hayo huumiza kuliko sindano.

Wakuu wa kliniki, waulizeni wote wawili, mke na mume. Naye mume apimwe mapema, maana tatizo huweza kuwa lake.