Ukweli ni Haki ya Marehemu na ya Walio Hai
Mazungumzo na viongozi wa walei juu ya kuwajibika katika tiba





Tume yetu ya Haki na Amani imeniomba nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalo moyoni lakini hatulisemi. Mzazi anaugua. Tunampeleka kwa daktari. Anatibiwa ugonjwa mmoja, kumbe anakufa kwa ugonjwa mwingine. Baada ya matanga tunabaki tukijiuliza: Je, angeweza kupona? Nani alikosea? Na je, ni halali kwa Mkristo kuuliza maswali ya namna hiyo, au ni kukosa imani?

Jibu langu nalitoa mapema, ili hata yule atakayesinzia kwa joto hili la mchana aondoke nalo. Ni halali kuuliza, tena ni wajibu. Kuuliza si kulipiza kisasi. Kunyamaza si kusamehe.

1. Wapagazi waliotoa hesabu

Sisi watu wa Tabora tunakaa juu ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Pale Kwihara, si mbali na mji wetu, ipo nyumba ya tembe ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872. Alipoondoka hapo hakurudi akiwa hai. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wangeweza kumzika na kutawanyika. Hawakufanya hivyo. Mmoja wao, Farjallah, ambaye aliwahi kumtumikia daktari huko Unguja, aliufungua mwili ili ukaushwe. Walitazama, wakaona bonge la damu tumboni, nao wakalieleza baadaye walipoulizwa. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, alisoma sala na kuchonga juu ya mti jina la marehemu na tarehe. Kisha wakaubeba mwili. Oktoba 1873 walifika hapa Unyanyembe, wakakutana na ofisa Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wauzike papa hapa. Walikataa. Mwezi Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo.

Ndugu zangu, watu hao hawakuwa na shahada ya udaktari. Lakini walifahamu jambo moja: mtu akifia mikononi mwako, unadaiwa hesabu yake. Ulimwona na dalili gani? Ulimfanyia nini? Uliandika wapi? Ikiwa wasafiri wa miguu walitoa hesabu hiyo porini, haiwi vigumu kwetu kuiomba mahali penye meza, kalamu na daftari.

2. Niliyoyaona nyumbani kwetu

Naomba mniruhusu niseme ya kwangu, maana si vema kuwafundisha wenzangu jambo nililojifunza kwa aibu, nikaificha aibu hiyo.

Mwaka 2009 nilikuwa frateri, nikisoma teolojia Kipalapala. Mama yangu mzazi, mkulima wa mkoa huu, alianza kudhoofika. Alikunywa maji mengi kupita kiasi. Usiku aliamka mara nne au tano kwenda haja ndogo. Nguo zake zikawa kubwa kwake. Katika muda wa miezi miwili alikwenda mara tatu kwenye kituo cha tiba. Kituo hicho sitakitaja, wala sitasema kama kilikuwa cha Serikali, cha Kanisa au cha mtu binafsi, kwa maana haki haichagui mlango. Mara zote tatu aliandikiwa dawa za malaria. Mara ya nne alipelekwa akiwa hajitambui. Alitundikiwa dripu ya kwinini iliyochanganywa katika maji ya sukari, kama ilivyokuwa kawaida ya siku zile kwa mwenye malaria kali. Alfajiri akafariki.

Siku ya mazishi nilisimama mbele ya watu, nikasema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Watu waliitikia. Wiki mbili baadaye binamu yangu, ambaye ni muuguzi, aliniuliza taratibu: “Frateri, mama alipimwa sukari?” Sikujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Kumbe wakati mimi nikihubiri mapenzi ya Mungu, wajomba zangu walikuwa wamekwisha kwenda kwa mpiga ramli. Naye alimtaja jirani yetu, bibi mjane, yule yule aliyekuwa akimletea mama uji kila jioni. Usiku mmoja mawe yalirushwa juu ya paa lake. Akakimbilia kwa binti yake, kijiji kingine.

Hapo nilifumbuka macho. Ninyi mnajua kilio cha mikoa yetu hii ya Tabora, Shinyanga na Mwanza: vikongwe wangapi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizotupikia sisi! Ukweli usipotolewa hospitalini, watu huutafuta kwa mpiga ramli. Na deni hulipwa na mtu asiye na kosa.

Tuliandika barua. Kaka yangu mkubwa, mimi na mzee mmoja wa jumuiya tukaenda nayo. Siku ya kwanza tuliambiwa karatasi za mgonjwa hazionekani. Tukarudi. Siku ya pili mganga mfawidhi alikuwa safarini. Tukarudi tena. Siku ya tatu karatasi zilifunguliwa mbele yetu. Ziliandikwa jina, umri, homa, malaria. Kipimo cha damu hakikuwapo. Kipimo cha sukari hakikuwapo. Daktari aliyemtibu, kijana wa umri wangu, alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Frateri, vifaa vya kupimia sukari vilikuwa vimekwisha muda mrefu. Lakini ningeweza kumuuliza mama dalili zake, nikamwandikia rufaa. Sikumuuliza. Nilikuwa peke yangu na foleni ilikuwa hadi nje. Naomba mnisamehe.”

Mimi nilimpa mkono. Kaka yangu alitoka bila kumpa mkono, wala simlaumu. Hatuwezi kuapa kwamba mama angepona. Lakini jibu lile tulilipeleka kwa wajomba, tukalisema mbele ya wazee wa ukoo. Mwezi uliofuata bibi yule alirudi nyumbani kwake.

3. Kosa la mmoja na kosa la mazoea

Yapo makosa ya tiba ambayo kila mtu huyaona. Mnakumbuka habari ya Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Wagonjwa wawili wenye jina moja la Emmanuel walibadilishwa: aliyekuwa apasuliwe goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na ugonjwa kichwani alipasuliwa goti. Nchi nzima ilishtuka, magazeti yaliandika, na uchunguzi ukafanyika.

Lakini ugonjwa usiotambuliwa hauachi kovu la kuonyesha. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu kila mmoja anadhani marehemu ametibiwa. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini-mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali walipimwa damu kwa uangalifu. Chini ya nusu yao ndio waliokuwa na vimelea vya malaria. Na wale wasiokuwa na malaria walikufa kwa wingi zaidi kuliko wale waliokuwa nayo, maana ugonjwa wao wenyewe haukutafutwa ipasavyo.

Tunajifunza nini? Kwamba nyuma ya daktari mmoja aliyekosea mara nyingi pana mazoea ya wengi. “Kila homa ni malaria” lilikuwa neno la wagonjwa pia, si la madaktari peke yao. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa, na kipimo cha haraka kimeenea hadi zahanati zetu. Mazoea mabaya hubadilika pale watu wanapokubali kuhesabu makosa yao.

4. Tupime kwa mwanga wa Injili

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa hesabu hiyo. Basi nasi tukatae haraka yetu ya kumtafuta mchawi.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu. Na Kanisa la magharibi ya nchi hii lina sababu ya kufanya hivyo. Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani huko Afrika Magharibi, alikombolewa, akasomea utabibu Malta, akapita njia hii ya misafara kwenda Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Huko alikuwa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Kumdai tabibu ukweli si kumvunjia heshima. Ni kuamini kwamba ana dhamiri.

Na katika Mathayo, sura ya 18, Bwana ametuwekea ngazi: kwanza umwendee ndugu yako ninyi wawili tu, asiposikia, uchukue mmoja au wawili, asiposikia tena, uliambie kanisa. Angalieni kwamba Bwana hasemi unyamaze. Wala hasemi uanze kwa kumtangaza sokoni. Msamaha wa kweli hujua unasamehe nini.

5. Basi tufanye nini?

Kwanza, mgonjwa akiwa bado hai, tuulize kwa adabu: Daktari, umeona ugonjwa gani? Kipimo kipi kimethibitisha? Asipopata nafuu, baada ya siku ngapi turudi? Tutunze vyeti vyote katika mfuko mmoja. Na sisi tuseme kweli: mgonjwa aliyekunywa dawa za kienyeji au za dukani asifiche.

Pili, kifo kikitokea, tuandike mapema tarehe, dalili, dawa na majina ya waliokuwapo, kabla kumbukumbu hazijachanganywa na uchungu. Tuulize chanzo cha kifo kilichoandikwa.

Tatu, tumwendee daktari mwenyewe, kisha mganga mfawidhi, tukiwa na barua na shahidi mtulivu. Tubaki na nakala ya barua. Tusipopata jibu, twende kwa kamati ya usimamizi ya kituo, ambamo wananchi wanao wawakilishi, au kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

Nne, lipo Baraza la Madaktari, linalosimamiwa sasa na sheria ya mwaka 2017, ambalo hupokea malalamiko juu ya mwenendo wa daktari, na linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta katika orodha. Wauguzi na wakunga wana baraza lao.

Tano, ipo mahakama. Sheria haidai kwamba daktari asikosee kamwe. Inadai atumie uangalifu ambao mtaalamu wa daraja lake angeutumia. Mfahamu kwamba madai ya uzembe kwa kawaida yana ukomo wa miaka mitatu, na anayetaka kuishtaki Serikali hupaswa kwanza kutoa taarifa ya siku 90. Asiye na uwezo amtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua.

Sita, hospitali na zahanati za Kanisa zisijione kuwa zimesamehewa hayo kwa sababu mlangoni pana msalaba. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilitukumbusha kwamba Kanisa linalohubiri haki lianze kuitenda ndani ya nyumba yake. Nasema haya nami nikiwa padre.

Na mwisho, jumuiya isimwache mfiwa aende peke yake. Mjane wa Injili ya Luka, sura ya 18, alimrudia kadhi mara nyingi, na alikuwa peke yake. Kwetu isiwe hivyo. Jumuiya ikitoa watu wawili wa kumsindikiza mfiwa ofisini, daktari ataheshimika, mfiwa atasikilizwa, na bibi wa jirani atalala usingizi.

Mungu awabariki, awape marehemu wetu pumziko, na awape madaktari wetu vifaa, muda na moyo wa kusema kweli.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika jumuiya yetu yuko mtu anayesingiziwa kifo cha jirani? Tumemfanyia nini?
2. Mara ya mwisho tulipompeleka mzazi hospitalini, tulimuuliza daktari maswali gani? Ni nini kilichotuzuia kuuliza zaidi?
3. Ni akina nani wanaotuwakilisha katika kamati ya zahanati yetu? Lini tulizungumza nao?
4. Sisi wenyewe tunakubali kutoa hesabu ya makosa yetu nyumbani, shuleni na kanisani?