Kufuta Mafaili Mengi kwa Amri Moja
Amri ya rm, iliyomo katika mfumo wa Unix tangu 1971, hufuta faili bila kulipeleka kwenye pipa la taka. Katika mji wa barabarani kama Kamanyola, kompyuta ya duka la fotokopi hujaa upesi kwa picha na sauti zinazoletwa na flashi kutoka Uvira na Bukavu, na amri hiyo humaliza kwa sekunde kazi ya asubuhi nzima. Hapohapo ndipo penye hatari.

Kosa hutokea zaidi kwenye nyota, alama yenye maana ya "jina lolote". Anayeandika rm *.wav hufuta sauti za aina hiyo tu. Akiacha nafasi baada ya nyota, kompyuta husoma majina mawili, na kwa lile la kwanza hufuta mafaili yote ya folda ile. Haiulizi kitu. Kwa hiyo huandikwa kwanza ls *.wav, orodha ikasomwa hadi mwisho, ndipo ls ibadilishwe kuwa rm. Kwenye Linux, rm -I, kwa herufi kubwa, huuliza mara moja mafaili yakizidi matatu. Ile ndogo, -i, huuliza kwa kila faili, na mtu huchoka akajibu ndiyo bila kusoma.

Amri ya find huchagua kwa umri: -mtime +90 huteua mafaili yasiyobadilishwa kwa zaidi ya siku 90. Neno -delete hukaa mwisho kabisa. Likitangulia, hufuta kabla ya kuchagua. Asiye na haraka ya nafasi kwenye diski huyahamisha kwa mv hadi folda ya kando, akayafuta baada ya juma moja.