Ganda la Jino na Maji ya Mitaani Kwetu

Twashukuru kupewa nafasi ya kusema katika mkutano huu wa mwaka, ingawa neno tulilo nalo ni dogo mfano wa jino lenyewe.

Jino limevikwa ganda gumu kupita mfupa. Katika mwili wote wa mwanadamu hakuna kilicho kigumu kuliko hilo. Lakini mfupa ukivunjika huunga, na ganda la jino likiisha kulika halioti tena. Ndiyo sababu twasikitika tuonapo kijana wa Kaloleni au Makongeni akifungua chupa kwa meno, na mwenzake akiyasugua kwa mkaa uliosagwa ili yang'ae. Mkaa hukwangua. Soda nayo, na ndimu, na ukwaju, vina ukali ulainishao ganda kwa muda. Anywaye soda kidogo kidogo kutwa nzima, kama wafanyavyo baadhi ya watafunao miraa, hayapi mate nafasi ya kuliimarisha. Heri kuinywa pamoja na chakula, kusukutua kwa maji, na mswaki ungoje nusu saa au zaidi.

Hayo ni mepesi. Lililo zito ni la maji. Mifereji ikikauka, wengi wetu hununua mitungi ya maji ya visima virefu. Maji ya bwawa la Ndakaini hutoka milimani, nayo huwa na floridi kidogo. Ya visima vya Nairobi hukaa katika mawe ya volkano, na mara nyingi floridi yake hupita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Floridi kidogo, kama ile ya dawa ya meno, huimarisha ganda. Ikizidi katika maji anywayo mtoto kabla ya kutimiza miaka 8 hivi, meno ya ukubwani yangali yakiumbika ndani ya ufizi, ganda hutoka na madoa meupe au ya kahawia, na pengine humeguka. Kwa macho maji hayo ni safi. Kuyachemsha hakuondoi floridi. Yapunguavyo sufuriani ndivyo inavyozidi ndani yake.

Mtoto wa namna hiyo huitwa mchafu. Shuleni hujifunza kucheka akiziba mdomo. Nyumbani husuguliwa kwa jivu, na ganda lililokwisha dhoofu likapungua zaidi. Hana kosa lo lote. (Aliyepata kumchapa mtoto kwa ajili ya madoa hayo hatumtaji, huenda yumo ukumbini.)

Twaomba basi kamati ipeleke kwa wapimaji maji ya kila kisima kinachotuuzia, toka Bahati na Jericho hata Umoja, na hesabu ibandikwe palipo na mfereji wa kuuzia. Kabla ya majibu kuja, mwenye mtoto mdogo amwekee maji ya jiji, au ya mvua yaliyochemshwa, kwa kunywa na kwa uji. Ya kisima yafulie nguo. Na dawa ya meno ya mtoto aliye chini ya miaka 3 iwe kadiri ya punje ya mchele, mkubwa akisimama karibu kuona kwamba haimezwi.