Haki ya Mtoto Haitimii kwa Kupewa Kiti
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Mtoto kiziwi akiandikishwa skuli, kisha akapewa mwalimu asiyejua lugha ya alama, je, amesomeshwa? Sisi twasema hapana: amewekwa tu mpaka kengele ilie.

Zanzibar ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka huo huo, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataka katika kifungu cha 24 mtoto huyu asome pamoja na wenziwe, na humo apate msaada unaomfaa. Basi hatuombi sadaka. Twadai haki, na Serikali iliyotia saini haiwezi kuikimbia saini yake.

Mzazi asiende peke yake kwa mwalimu mkuu. Tawi na limsindikize. Na aulize: nani atamfundisha? Asiyeona atapata vitabu vya nukta nundu? Mwenye kigari ataingiaje darasani? Jawabu litiwe katika maandishi. Likiwa ni la kukataa, barua hiyo tuifikishe Wizarani, wala tusirudi kimya.

Kabla skuli hazijafunguliwa, kila tawi na liwajue watoto wake waliofichwa majumbani.