Ukiumia Kazini, Sema Siku Hiyo Hiyo

Hotuba iliyotolewa kwenye baraza la wakazi wa Griftu, Wajir Magharibi. Ilitolewa kwa Kiswahili na kutafsiriwa papo hapo kwa Kisomali.

Nimeombwa nisiwe mrefu kwa sababu jua limeshapanda.

Tazameni mkono huu wa kushoto. Kidole cha shahada hakipo tangu 2011. Nilikuwa kibarua, nikipasua mawe ya kujengea, jiwe likaniangukia. Tajiri wangu hakuwa mtu mbaya. Alinipeleka zahanati, akanipa shilingi 3,000, na jioni wazee wakatukalisha tukapeana mikono. Nilimsamehe, na nilimsamehe kweli. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba kulikuwa na sheria juu ya kidole changu, wala kwamba nilikuwa na miezi 12 tu ya kudai. Nilikuja kujua baada ya miaka minne.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Maofisini wanaiita WIBA. Haianzi kwa kuuliza nani alikosea. Inauliza: ulikuwa umeajiriwa? Uliumia ukiwa kazini? Kama ni ndiyo, mwajiri ana deni kwako, hata kama hakuna aliyekusukuma. Ukiumia kwa makusudi yako mwenyewe, hilo ni jambo lingine.

Sisi watu wa huku hatuwezi kushangazwa na sheria ya namna hii. Kabla ya Serikali kufika, wazee wetu walikuwa wanajua uzito wa kila jeraha, na diya ilihesabiwa kwa ngamia. WIBA nayo ina jedwali lake. Kupoteza macho yote mawili ni asilimia 100, mikono yote miwili vilevile, na viungo vingine vinashuka kutoka hapo. Tofauti ni kwamba badala ya ngamia inahesabu mishahara. Ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 ni mshahara wa miezi 96, yaani miaka minane. Chukua kijana anayepata 15,000 kwa mwezi, na daktari akasema ulemavu wake ni asilimia 20. Mara 96 ni 1,440,000. Asilimia 20 ya hizo ni 288,000. Sasa linganisheni na 3,000 yangu. Na kama mwajiri anakupa chakula na mahali pa kulala, thamani yake inaingia kwenye hesabu ya mshahara, kwa hiyo usiseme "mimi nalipwa kidogo" ukaishia hapo.

Mfanyakazi akifariki, wanaomtegemea wana haki ya miezi hiyo 96. Matibabu ni juu ya mwajiri. Ukikaa nyumbani huwezi kufanya kazi, mshahara wako unaendelea hadi miezi 12.

Mzee mmoja hapo nyuma ameniuliza, na ni swali zuri: je, sulhu yetu ni bure? Hapana, mzee wangu. Sulhu iacheni iwepo, inaondoa chuki. Ila mafao ya sheria hii hayapimwi barazani. Yanapimwa na Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini, chini ya Wizara ya Leba, baada ya daktari kujaza fomu. Hofu yangu ni kwamba sulhu hufanywa Ijumaa, kila mtu anarudi nyumbani, na jeraha halikuandikwa popote. Wazee mkikaa, ulizeni kwanza: taarifa imepelekwa? Na wewe kijana, usitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa.

Taarifa ya kwanza haihitaji safari ya kwenda mjini. Unamwambia mwajiri au msimamizi, hata kwa mdomo, mbele ya mtu. Sheria inakubali mdomo, lakini mimi nawaambia mtume na ujumbe wa simu, kwa sababu ujumbe una tarehe. Mwajiri naye ana siku saba za kumpelekea Mkurugenzi taarifa. Kama kuna kifo, ni saa 24. Hospitalini mwambie daktari "niliumia kazini", aandike hivyo hivyo. Ukinyamaza, ataandika umeanguka tu, na hapo ndipo kesi nyingi hufa.

Vijana wa barabara, hili ni lenu zaidi. Ile barabara ya kutoka Isiolo kwenda Mandera, inayopita Modogashe na Samatar hadi Wajir, inaleta vibarua. Kontrakta akimaliza kipande chake anakunja kambi na kwenda. Miezi 12 inaonekana mingi mpaka uanze kutafuta mtu aliyehama.

Wengine mnajiuliza kama mnahesabiwa. Mkataba unaweza kuwa wa mdomo. Mchungaji anayelipwa mshahara na mwenye ngamia ni mwajiriwa. Anayeendesha mkokoteni wake mwenyewe wa punda, hapana, na sitamdanganya.

Nanyi wenye kazi, msinikasirikie. Sheria inawataka mkate bima ya wafanyakazi wenu. Bila bima, hizo 288,000 zinatoka kwenye mfuko wako, pengine kwenye zizi lako. Dai likishafikishwa kwako au kwa kampuni ya bima, lilipwe ndani ya siku 90.

Kuna watu watakuja kuwaambia mwende kortini moja kwa moja. Mahakama ya Juu ilishaamua Desemba 2019 kwamba sheria hii ni halali. Dai linaanzia kwa Mkurugenzi. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kupinga kwake mwenyewe. Akikujibu na bado hukuridhika, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Leba.

Leba haikugatuliwa, kwa hiyo kaunti haiwezi kuwalipa wala kuamua. Kuandika tunaweza. Nakala za fomu ziko kwenye meza ile, chini ya mti, na karani anasoma Kisomali. Mwenye mtu aliyeumia ndani ya miezi 12 iliyopita aje sasa, kabla hatujaenda kuswali.