Samaki Pundamilia Katika Utafiti wa Ubongo: Kifafa Kwanza, Wasiwasi Baadaye



Mada niliyopewa ni pana, nami nitaibana. Samaki pundamilia, huyu mdogo mwenye michirizi ya buluu ambaye kwao ni mito na mashamba ya mpunga ya India, Nepal na Bangladesh, siku hizi anahusishwa na karibu kila ugonjwa wa ubongo. Hoja yangu ni kwamba hafai kwa yote kwa kiwango kimoja. Kwenye kifafa amekwisha kuonyesha thamani yake. Kwenye wasiwasi na sonona, twende polepole.

Sifa zake za msingi wengi mnazijua. Mayai hurutubishwa nje ya mwili wa jike, na jike mmoja hutaga mamia kwa mara moja. Kifaranga mwili wake ni angavu, hivyo ubongo unaonekana kwa hadubini bila kumpasua. Akifika siku ya tano anaogelea na kuwinda, ana urefu wa milimita nne hivi, na seli zake za neva ni kama 100,000. Anahitaji maji ya nyuzi joto 28 na ushei, jambo ambalo Dar es Salaam au Mombasa si tatizo; tatizo letu litakuwa pampu, siku umeme ukikatika. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2013, ilibainika kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau jeni moja inayolingana nazo kwa samaki huyu.

Sasa kifafa. Ugonjwa wa Dravet humwanza mtoto kabla hajatimiza mwaka, mara nyingi kwa degedege linaloambatana na homa, na dawa nyingi hazimsaidii. Chanzo chake kwa wagonjwa walio wengi ni hitilafu katika jeni ya SCN1A, inayohusika na milango ya sodiamu kwenye seli za neva. Mtoto huwa na nakala moja mbovu na moja nzima. Samaki naye, kwa kuwa jenomu ya mababu zake ilijirudufu zamani sana, ana jeni mbili pacha mahali ambapo sisi tunayo moja. Ukiharibu kabisa pacha mmoja, yaani scn1lab, mwenzake anabaki akifanya kazi, na unapata upungufu wa nusu unaokaribia ule wa mtoto. Kile ambacho kingeweza kuwa kasoro ya samaki kimegeuka faida.

Scott Baraban na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitumia vifaranga hao katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013. Kila kifaranga aliwekwa peke yake katika kishimo cha kisahani chenye vishimo 96, kamera ikipima mwendo wake. Wenye hitilafu huchomoka kwa kasi, huzunguka duara, kisha hukakamaa. Dawa 320 zilipitishwa hapo. Lakini kifaranga akitulia, umejuaje kwamba ametibiwa? Huenda amelewa dawa, au anakufa. Kwa hiyo hatua ya pili ilikuwa kumshikiza kifaranga ndani ya jeli, kuchomeka elektrodi kwenye ubongo wa mbele na kusoma umeme wenyewe. Iliyofaulu vipimo vyote viwili ni klemizoli, dawa ya zamani ya mzio ambayo hakuna aliyeitarajia kwenye kifafa. Baadaye iliingia katika majaribio kwa wagonjwa. Hata hivyo, huyu samaki ni chekecheo tu. Kinachobaki juu yake lazima kipimwe kwa binadamu.

Tukija kwenye tabia, elektrodi ile haipo. Kipimo kinachopendwa ni kumtia samaki mkubwa katika tangi geni: huzama chini, kisha taratibu hupanda juu. Akipewa pombe kidogo hupanda mapema zaidi. Watafiti wanakiita kipimo cha wasiwasi. Mimi naona kinapima namna samaki anavyojihadhari na adui, na kutoka hapo hadi kwa mwanafunzi asiyelala kwa hofu ya mtihani ni mbali. Ubongo wake hauna gamba lenye matabaka kama letu. Usingizi ni afadhali kidogo, maana huyu hulala usiku kama sisi, tofauti na panya, na melatonini humlaza.

Kuna pia maswali ambayo jeni haiyajibu. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, kifafa kimeandikwa na madaktari tangu miaka ya 1960, na tafiti za karibuni zinakihusisha na minyoo ya ugonjwa wa usubi. Namna minyoo hiyo inavyofikia kuleta kifafa bado inabishaniwa. Kuharibu jeni ya samaki hakutatatua hilo. Ila vifaranga wanaweza kutumika kupima kama kuna kitu katika damu au maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa kinachochochea umeme wa ubongo, na hilo ndilo jaribio ambalo ningependa kikundi cha mchana cha semina hii kilijadili, kuanzia kwenye ridhaa ya wagonjwa wenyewe.